Mihogo Migumu ya Mama Merveille

Florentine alikuwa anapepeta maharagi nje ya nyumba yake, huko Baraka. Ilikuwa miaka ya vita. Watu walilima pale tu njia ilipofunguka, na siku hizo bunduki zilikuwa zimenyamaza.

Mume wake, Casimir, alikuja mbio. Huyo alikuwa mtu wa haraka tangu kuzaliwa.

"Mama Merveille, njia ya Lubondja iko wazi! Kesho tunaenda na batoto. Tutalala kwenye kibanda ya shamba mpaka tumalize kupanda."

"Na tutakula nini?"

"Si iko mihogo kwenye maji?"

Mihogo hiyo michungu iliingia majini jana tu. Florentine aliiminya. Ilikuwa migumu kama kuni. Lakini mvua haingoji mtu, na wasipopanda sasa, watoto watalala njaa. Akaanza kuitoa ili aianike.

Jirani yake, Adolphine, alimwona. Mama huyo aliwahi kufanya kazi kwenye kituo cha afya.

"Mama Merveille, rudisha! Ile mihogo iko na sumu bado."

"Jua itaikausha, dada. Na moto utaipika."

"Hapana. Jua na moto havitoshi. Loweka mpaka inalainika, unaivunja kwa mukono. Ndiyo unaanika na kutwanga. Batu bakikula ile migumu kila siku, miguu inakauka. Ugonjwa hii inashika sana batoto na bamama."

Adolphine alichukua muhogo mmoja, akaurudisha majini.

"Tulipokimbia vita, Solange, mutoto wa dada yangu, alikula vile. Asubuhi moja miguu ilikataa kumubeba. Mpaka leo anatembea na fimbo."

Florentine alimtazama binti yake Merveille, aliyekuwa anaruka kamba. Hofu ilimshika.

"Sasa mi nifanye nini? Nikingoja, mvua inatupita."

Adolphine alifikiri, kisha akacheka.

"Niachie mihogo yako. Ikilainika, itakuwa yangu. We chukua bunga yangu ya mihogo, iko tayari."

Casimir alinung'unika kwamba mizigo imekuwa mingi. Lakini mwenda pole hajikwai, na hilo alilijua hata yeye. Wakafunga unga, maharagi, chumvi na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Musikule ugali mutupu," Adolphine aliwaambia. "Ndagala na maharagi vinalinda mwili. Na mukifika tu, muloweke mihogo ingine ya shamba kwenye muto, chini ya pale munachota maji ya kunywa. Bunga hii ikiisha, ile itakuwa tayari."

Wakafanya hivyo. Walipanda shamba lote, na mvua ikalikuta tayari.

Siku waliporudi, Adolphine alisikia sauti zao njiani. Alitoka nje, akasahau hata kusalimia. Macho yake yalitafuta kwanza miguu ya Merveille.

Miguu hiyo ilijaa vumbi, na ilikuwa inakimbia kuja kwake.