Sindano ya Redio ya Zahanati

Kila saa kamili, Makokha aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ni chai, akaketi mbele ya redio ya zahanati. Alibonyeza kipaza sauti, akasoma kwenye sindano ya mita nguvu zinazokwenda hewani. Aligeuza swichi, akasoma nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena. Kisha akaandika daftarini: 25, 1. Saa iliyofuata: 25, 1.

Nekesa, mpwa wake wa miaka kumi na mitatu, alimtazama kwa dharau. Alikuwa amekuja kutoka Kitale kwa likizo ya Aprili mwaka wa 2004. Kwao watu walikuwa na simu za mkononi. Huku milimani juu ya Chwele simu hazikushika, na mtu mzima mwenye ndevu alikuwa mtumishi wa sindano!

"Mjomba, si hiyo kazi hata kuku anaweza?"

"Kuku hajui kuandika," Makokha alijibu polepole.

Jumanne mvua ya alfajiri ilipokatika, Makokha alikwenda kutengeneza pampu ya maji. Alimwachia Nekesa daftari. "Kila saa. Zinazorudi zikizidi tatu, niite."

Nekesa alibetua mdomo. Mjomba alipotoka tu, alijaza mistari yote, kuanzia saa mbili hadi saa nane: 25, 1. Mwandiko ulipendeza kuliko wa mjomba. Akaenda kuchuma mapera.

Saa nane u nusu muuguzi Nabwile alimkimbilia Makokha. "Phelista anatoka damu na mtoto hajazaliwa! Mwite Khisa, lazima afike hospitali!"

Khisa, dereva wa ambulensi, alikuwa njiani akirudi kutoka Kitale. Makokha alikimbia redioni, akaita mara tatu. Kimya.

"Analala garini, mvivu huyo!" Nabwile alifyonza.

Makokha alipitisha kidole daftarini. "Ishirini na tano mpaka saa nane. Redio yetu ni nzima. Basi shida iko kwa gari. Wacha nimtafute barabarani."

Alikuwa ameshashika baiskeli wakati Nekesa aliporudi na mapera yake. Alisikia Phelista akilia ndani. Mapera yalimponyoka.

"Mjomba, usiende. Sikuangalia. Niliandika tu."

Makokha hakumkemea. Aliegemeza baiskeli ukutani, akabonyeza kipaza sauti. Sindano ilipanda hadi sita, ikagoma hapo. Aligeuza swichi: zinazorudi, tano. Akagusa redio, ilikuwa moto kama sufuria.

"Maji imeingia kwa waya. Nguvu inarudi, na redio inajipunguza isiungue."

Nje, alifungua kiungo cha waya wa antena. Maji yakadondoka. Alikifuta kwa spiriti ya Nabwile, akakikausha, akakifunga kwa mpira wa tairi. Safari hii sindano ilipanda hadi ishirini na tano.

"Khisa, Khisa, hapa zahanati."

"Nakusikia, bana! Mbona mmenyamaza tangu asubuhi? Niko Chwele sokoni, nakula maharagwe."

"Acha sahani, kuja!"

Saa kumi na moja kasorobo, sauti ya Khisa ilitoka hospitalini: mama yuko salama, na mtoto wa kike pia. Nabwile aliketi kwa mara ya kwanza mchana huo. Akamtazama Nekesa toka kichwani hadi miguuni. "Ati mtoto wa Kitale. Na mwandiko wako mzuri!"

Makokha alimsogezea mpwa wake daftari. "Kata kila mstari wako wa leo. Kando yake andika: sikuangalia."

"Mjomba, mkaguzi ataona!"

"Aone."

Nekesa aliandika neno hilo mara saba, machozi yakimlenga.

"Sindano ikisema sita, mimi najua la kutengeneza," Makokha alisema. "Wewe ukisema ishirini na tano, mimi napanda baiskeli kumtafuta Khisa, na ubaya uko hapa kwetu. Tumemtukana mtu bure, na Phelista angekufa. Hiyo kazi ya kuku, mwanangu, ni ya mtu mkweli."

Saa ya ukutani ilifika kumi na moja. Nekesa alipangusa macho, akabonyeza kipaza sauti, akainama karibu na mita.

"Ishirini na tatu," alinong'ona. "Si ishirini na tano, Mjomba."

"Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona."

"Basi andika."