Batri ya Chini ya Kitanda

Jumapili, misa ilipokwisha, Anastasie alikuta nusu ya nyumba yake ya Lusangi imekuwa majivu. Moto ulianzia chini ya kitanda cha mjukuu wake Darlène, palipokuwa na batri ya pano, ile sahani ya umeme wa jua. Mdogo wake Anastasie, Hippolyte, ndiye aliyeipeleka mji wa Salamabila kutengenezwa. Watu walikuwa bado wanasifu jinsi alivyorudi nayo, akaishusha kwenye pikipiki kwa mkono mmoja. Darlène alikuwa kanisani. Mbegu zote za mpunga ziliteketea.

Watu walikwisha kumfunga kamba, kama mchoma nyumba, jirani Bruno, aliyewahi kugombana na Anastasie juu ya mbuzi. Hippolyte alipaza sauti kuliko wote: apelekwe gereza la Kasongo.

"Mama, mimi nilileta maji," Bruno alisema. Ndoo yake kweli ilikuwa imelala ukutani, imeungua ukingo.

Anastasie alimwomba kapita, kiongozi wa kijiji, asubiri. Majivu yalipopoa, alichukua ungo akayapepeta polepole, kama mchele. Alikuwa anatafuta risasi, ile metali nzito ya ndani ya batri. Batri yake ilijaa risasi, nzito, yeye na binti yake waliibeba wawili wakipumzika njiani. Risasi ikiyeyuka huganda chini. Hakuona hata tone. Aliona vikopo vya bati, virefu kama kidole, vimepasuka midomo.

Akamwita mdogo wake mbele ya kapita.

"Hippolyte, ndani ya batri yangu mulikuwa nini?"

"Maji na risasi, yaya," alimjibu dada yake mkubwa. "Kama zamani."

Anastasie alivimwaga vile vikopo miguuni pake.

Hippolyte aliviangalia, kisha akakaa chini. Alisema yote. Batri ya kweli iko Salamabila, inawasha taa kwa mwanamke anayemtaka. Alichukua ganda tupu la batri nyingine inayofanana nayo, akalijaza vibatri vya taa zilizokufa. Ganda lilipoanza kuvimba, alimshauri dada yake asiichajie tena barazani juu ya sinia la mchanga; wezi ni wengi, aifiche chini ya kitanda, aifunike magunia. Anastasie alitii, maana ni ndugu.

"Sikujua itawaka, yaya."

"Ulijua inavimba. Na mutoto alikuwa analala juu yake."

Yeye mwenyewe alimfungua Bruno kamba, akamwomba radhi kwa mikono miwili. Kisha akamnyooshea mdogo wake kiganja.

"Nipe ufunguo."

Alikuwa amempa alipofiwa na mume, awe mlinzi wa nyumba. Mlango wenyewe sasa ulikuwa makaa, na kitasa chake. Anastasie alisubiri vilevile, mkono wazi, mpaka ufunguo ukaingia kiganjani.