Dirisha Chini ya Ramani

Lori lilikata kushoto.

Halikupaswa kukata kushoto. Mbele yake kulikuwa na lami safi, na mwisho wa lami hiyo askari walikuwa wamejibanza nyuma ya ghala la saruji wakilisubiri. Dereva hakuwa na sababu ya kuacha barabara nzuri na kujitosa kwenye vumbi la kiwanda cha matofali, isipokuwa moja.

Alijua.

Sindano alikanyaga breki. Yamaha ikaserereka, ikasimama ubavu. Land Cruiser nyeusi ya bosi wa magendo, iliyokuwa ikilifuata lori kwa mbali, nayo ikakata kushoto, bila haraka, kama mtu aendaye harusini.

"Mezani, hapa Sindano," alisema kwenye redio. "Wamekata kabla ya kizuizi."

"Nimeona," sauti ya Mkuu ikajibu, tulivu kama kawaida yake. "Kobe amesema lolote?"

"Kimya."

"Basi rudi. Tutapanga upya."

Kobe alikuwa ndani ya lori lile. Mwenzake wa miaka yote, mtu mpole asiyejua kukimbia, aliyejipenyeza kwa wasafirishaji wa magendo akijifanya utingo. Kwenye kifungo cha mkanda wake kulikuwa na kidude cha kutoa ishara. Saa moja iliyopita alikibonyeza, maana yake alikuwa ameyaona makasha kwa macho yake: vilipuzi. Tangu hapo alikuwa nukta ya kijani kwenye ramani ya idara.

Ndani ya lori walikuwa wanne. Watatu walifahamiana tangu utotoni. Kama waliijua nukta ile, hawakuhitaji kuumiza kichwa kumpata mwenye nayo.

Sindano alivua kofia, akafikiri. Hakuwa mtu wa kufikiri akiwa amekaa, ila pikipiki ilikuwa ndiyo kiti pekee kilichokuwepo.

Kizuizi kilikuwa kimehamishwa dakika chache tu zilizopita, kutoka darajani hadi ghalani. Redio haikutamka kitu. Mkuu alichora mstari mwekundu kwa kidole kwenye meza ya kioo, ile kompyuta kubwa ya kugusa kule ofisini, na meza yenyewe ikatuma ujumbe kwa askari. Mara mbili zilizopita mtego ulipopigwa chenga, askari walikuwa wengine na barabara nyingine.

Meza ilikuwa ileile.

Akapiga simu.

"Fundi, uko wapi?"

"Karakana. Nakula."

"Acha kula. Mkuu yuko kwenye kioo?"

"Ameitwa chini na wakubwa sasa hivi. Kuna nini?"

"Nenda kwenye kioo na kipanya na kibodi. Usimwambie mtu."

Kisha Fundi, ambaye alikuwa na kinyongo cha mwezi mzima, akasema, "Leo ndiyo mmekumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa kipanya?"

Yamaha ilikwisha geuka.

*

Kioo chenyewe kilikuwa na ukubwa wa mlango wa mbao uliolazwa juu ya miguu minne. Kilikuwa katikati ya chumba cha uongozi wa operesheni, na watu wazima walikizunguka kama watoto waliopata kitu kipya. Kilipoletwa, kikao kizima kilibishana: kivae sura gani?

Fundi alitaka sura ya kompyuta ya mezani. Madirisha mengi kwa pamoja, na ukanda wa chini unaoonyesha kila programu iliyofunguliwa.

"Kazi yenu ni ya mambo kumi kwa wakati mmoja," alisema. "Kioo kikubwa si kishikwambi kilichovimba. Mkikipa sura ya kishikwambi, mtaona kitu kimoja kikubwa na kizuri, na vingine vyote vitajificha chini yake."

Mkuu alicheka, akainua mikono yake juu ili wote waione.

"Fundi, tazama vidole hivi. Ni ndizi. Nitabonyezaje vitufe vyenu vya ukubwa wa punje ya mchele? Nipe alama kubwa, programu moja kioo kizima, nigusane nayo nimesimama. Sisi hatuandiki barua hapa, tunakimbizana na wahalifu."

Watu wakacheka. Halafu akamgeukia Sindano, akamkonyeza. "Wewe mwenye vidole vyembamba unasemaje?"

Na Sindano akasimama, akamtetea. Kwa ufasaha, tena kwa mifano. Alisema mtu aliyesimama mbele ya kioo kikubwa hutumia mkono, na mkono unataka nafasi. Yote yalikuwa kweli. Kikao kikafungwa, Fundi akakunja nyaya zake, na Mkuu akampigapiga Sindano begani.

"Damu yangu hiyo," aliwaambia wenzake.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kazini aliitwa Mkuu. Nyumbani alikuwa mjomba wake Sindano, mdogo wake mama wa tumbo moja. Ndiye aliyemtia kwenye kazi hii, akamfundisha kulenga shabaha, akamfundisha kunyamaza.

*

Fundi alikuwa ameshachomeka kila kitu Sindano alipoingia akitweta.

Ramani ilijaza kioo chote, safi, bila doa. Nukta ya kijani ilikuwa ikitambaa kuelekea njia panda: kulia barabara ya reli, kushoto barabara ya machimbo.

"Badilisha sura," Sindano alisema.

Fundi akagusa kibodi. Ramani ikasinyaa ikawa dirisha. Chini ya kioo ukajitokeza ukanda mrefu wa vialama vidogo. Redio. Kamera za barabarani. Orodha ya zamu.

Na kingine.

Fundi akakibonyeza kwa kipanya. Kidirisha kidogo kikafunguka, kisichozidi kiganja.

"Hii inarusha picha," alisema polepole. "Ramani, na ramani tu. Kila tunachochora hapa kinaonekana kwenye kifaa kingine huko nje. Inawashwa kila asubuhi kioo kinapofunguliwa."

Mwenye kufungua kioo kila asubuhi alikuwa mmoja tu, Mkuu.

"Kifaa gani?" Sindano aliuliza. Sauti yake ilitoka mbali.

Fundi akaelekeza. Jina la kifaa kinachopokea lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo ambazo sura ya kishikwambi isingezionyesha kamwe.

Zawadi ya Mpwa.

Sindano alilisoma. Akalisoma tena, ingawa halikuhitaji kusomwa. Yeye ndiye aliyeliandika. Alikinunua kishikwambi hicho cha Samsung, akakaa na mjomba wake kwenye kochi la mama yake, akamwekea picha, akamwonyesha jinsi ya kukuza maandishi, na walipofika mahali pa kukipa jina wakacheka sana. Mjomba alisema hatakiachia hata akizikwa.

Amewapa watu wa magendo.

Ilimuuma vibaya, maumivu ya mtu aliyechezewa shere na mtu anayekula naye sahani moja, na juu ya maumivu ikaja aibu, kwa sababu siku ile kwenye kikao yeye ndiye aliyemfunikia dirisha. Alitamani kuketi. Hakuketi.

"Niikate?" Fundi aliuliza.

"Usiiguse. Picha ikikatika, watajua tumewagundua. Kobe hatafika hata njia panda."

"Sasa?"

"Waache waendelee kutazama. Tuwaonyeshe tunachotaka. Unaweza kufungua ramani mbili?"

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Kwa sura hii? Hata kumi."

Ramani ya pili ikafunguka kando ya ya kwanza. Ya kulia ilikuwa ya kweli, yao wenyewe. Ya kushoto ilikuwa ile inayorushwa nje. Fundi akabonyeza nukta ya kijani ya kushoto kwa upande wa pili wa kipanya, vikashuka vichaguo ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, akaiachanisha na ishara yake. Sasa ilikuwa nukta tu. Ungeweza kuipeleka mbinguni.

Sindano akaishika kwa ncha ya kidole. Akaivuta nyuma kidogo.

Akaiweka nyuma ya lori, pale ilipokuwa Land Cruiser ya bosi wao.

"Wapekuane," alisema.

Kisha akafuta mstari mwekundu wa ghalani, akachora mwingine, mnene, kwenye barabara ya reli. Akapiga simu kwa kamanda wa kikosi, kwa mdomo, bila meza.

"Hapa Sindano. Usifuate kioo. Machimbo, nasema machimbo. Mzime simu zote baada ya hii."

"Kwa amri ya nani? Ya Mkuu?"

"Yangu."

Kwenye ramani ya kulia, nukta ya kweli ilisimama.

Sindano aliona kwa akili yake milango ya lori ikifunguliwa, Kobe akishushwa, mikono kichwani. Alihesabu makosa yake yote na akakuta yanamtosha.

Mlango ulifunguliwa. Lakini ulikuwa wa chumba kile.

*

Mjomba alisimama kizingitini na kikombe cha chai. Alitazama ukanda wa chini ya kioo. Alitazama kidirisha kidogo. Hakuuliza chochote, na kwa hilo Sindano akapoteza tumaini la mwisho alilokuwa amelificha hata kwa nafsi yake.

"Fundi, tupishe," Mjomba alisema.

"Fundi, usitoke," Sindano alisema.

Fundi hakutoka.

"Mpwa wangu."

"Usiniite hivyo."

"Sikuwahi kuwapa jina la mtu. Njia tu. Mizigo inapita, hakuna anayeumia, nasi tunakamata mingine tuonekane tuna kazi. Nilipoanza, hakukuwa na Kobe ndani yake."

"Leo yumo. Umeiona nukta asubuhi hii, Mjomba. Umeiona ikiwaka, ukaiacha irushwe kwao."

Mjomba aliweka kikombe chini.

"Ningefanya nini? Wangeniua mimi."

"Na kwenye kikao? Uliniuliza mimi makusudi."

"Wewe hukuwahi kunikatalia." Alisema hivyo kwa upole, na huo upole ndio uliomkata Sindano maini. "Nilijua wakisikia kwako hawatabisha."

Hapo ndipo Mjomba alipoirukia meza.

Alikuwa mwepesi bado. Kiganja chake kilitua juu ya kioo, kidole kikalenga alama ya kufungia kidirisha, ile ya msalaba, ndogo kama sisimizi. Angeifunga, picha ingekatika, na huko barabarani wangeelewa.

Akabonyeza. Kidirisha kikapanuka.

Akabonyeza tena. Kikasogea kando.

Mara ya tatu kidole chake kiligusa vialama vitatu kwa mpigo na orodha ya zamu ikafunguka, jina lake likiwa juu. Vidole vyake vilikuwa vinene kweli. Katika yote aliyosema kikaoni, hilo halikuwa uongo.

Sindano alikwisha chomoa Beretta.

"Ondoa mkono kwenye kioo."

Mjomba alimtazama. Alitazama namna alivyoishika bastola, viwiko vimelegea kidogo, mguu mmoja nyuma, kama alivyomfundisha. Akaondoa mkono.

Redio ikakwaruza.

"Mezani, kamanda hapa. Lori limeingia machimbo. Tumelifunga mbele na nyuma."

"Land Cruiser?"

"Hiyo ni kichekesho. Tumewakuta wenyewe wameisimamisha, wamemvua bosi wao mkanda na viatu, wanamkagua. Hawakutusikia hata tukifika."

"Kobe?"

Mkwaruzo. Mrefu mno.

"Sindano," ikaja sauti nyingine, ya polepole. "Nimekula vumbi la mwaka mzima. Kuna mtu ana maji huko?"

Sindano alifumba macho, akayafumbua. "Yatakuja," alisema.

*

Walipomtoa Mjomba, alijaribu kuongea naye mlangoni. Sindano alimpisha apite kama wanavyopishana watu wasiojuana kwenye ngazi.

Alasiri kamanda alileta vidhibiti vya kesi. Kishikwambi kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kioo chake kimepasuka pembeni, lakini kiliwaka kilipoguswa. Picha bado ilikuwa ileile: mjomba na mpwa kwenye kochi, mama amekatwa nusu uso kwa sababu mpigaji alikuwa Sindano mwenyewe, mkono umenyooshwa.

"Hiki ni cha nani?" kamanda aliuliza, kalamu tayari.

"Kidhibiti," Sindano alisema. "Andika kidhibiti."

Fundi alikuwa akisubiri kando ya meza, kipanya mkononi. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda ubishi.

"Dada, kioo nikiache sura gani?"

"Ya mezani. Nataka nione kila kilichofunguliwa."

"Watalalamika vitufe ni vidogo."

"Wanunulie miwani."

Alichukua kofia yake na ufunguo wa Yamaha. Kwenye ngazi simu ilitetemeka mfukoni. Mama.

Aliiacha iite kidogo, kisha akapokea.

"Mwanangu, niko sokoni. Jumapili mjomba wako anakuja kula, au yuko zamu? Nampigia, hapokei."

Sindano alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Nje jua lilikuwa bado kali, na Kobe alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, mweupe kwa vumbi, akinywa maji kwenye chupa.

"Usinunue kitu, Mama," alisema. "Rudi nyumbani. Nakuja sasa hivi, nina neno nawe."

Akavaa kofia, akashusha kioo chake, akaiwasha pikipiki.