Mkono wa Pole

Ngazi za kwanza Nungu alizipanda mbilimbili. Kufika ghorofa ya pili akawa anazipanda mojamoja, mkono mmoja kwenye reli, mwingine juu ya bastola ya Glock iliyojificha chini ya koti jeusi.

Miaka hamsini na minane. Siku tatu hajagusa kitanda.

"Nungu, uko wapi?" Sauti ya Mkuu wake, mwanamama asiyejua salamu, ilikwaruza sikioni.

"Napanda."

"Hakuna lifti?"

"Nayo imefariki."

Mkuu hakucheka. Nchi nzima ilikuwa haijacheka tangu Jumatatu, siku Rais alipoangukia meza yake saa tisa na nusu alasiri. Moyo, walisema madaktari. Tangu hapo kazi ya Nungu ikawa karatasi: kusoma kila salamu ya rambirambi iliyoingia kwa faksi kutoka nchi za nje na wawakilishi wao, na kuhakikisha imetoka inakodai kutoka. Zilikuwa arobaini na moja, na kila moja ilikuwa "imepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa". Alizisoma hadi neno masikitiko likaisha ladha, kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tano.

Asubuhi hii, kwa uchovu tu, aliisoma moja mara mbili. Pembeni, juu kabisa, mashine ilikuwa imegonga saa ya kupokelewa.

Jumatatu. Saa nane na dakika arobaini na mbili.

Rais alikuwa bado hai.

Faksi ilitoka ghorofa hii ya nne, ofisi ya konseli wa heshima wa nchi moja ya mbali. Konseli mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu. Mwaka huu Rais alikuwa ameziba njia zote ambazo mtu huyo alitoroshea dhahabu yake, na Makamu wa Rais alikuwa ameapa hadharani kwamba hatazizibua.

Nungu alisukuma mlango.

Mpiga chapa alikuwa peke yake, mama wa makamo, viatu kavivulia chini ya meza.

"Konseli hayupo, mzee. Ameenda ukumbini kutoa pole."

Nungu aliitandaza faksi mbele yake. "Hii uliituma wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Tazama saa."

Alitazama. Uso ukamshuka.

"Aliniambia niichape tu, niiweke mpaka aseme. Nikaichanganya na barua nyingine, nikazituma zote. Nilipojua nimeharibu, nikanyamaza. Nina watoto, baba."

"Alikwambia saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Alikuwa ndio ametoka kwenye kile kiwanda alichokifungua Rais. Alisema amempa Rais mkono, akaona hali yake si nzuri."

"Nini kingine? Chochote."

Mama aligusa kidole chake cha kati. "Pete. Aliivua kwa kitambaa, akaifungia kwenye sefu. Nilitaka kumshikia, akanifokea kama nimeshika moto."

"Iko humo?"

"Leo kaivaa."

Nungu alikuwa keshafika mlangoni. "Jifungie ndani, mama. Usimfungulie mtu."

Kushuka, magoti yalimlaani kila ngazi.

"Mkuu, ni pete. Lazima ina sindano ya sumu. Alimchoma Rais kwa kumpa mkono, na sasa yuko kwenye foleni ya kumpa Makamu mkono wa pole."

Sauti ya Mkuu ilikauka. "Walinzi wa ndani wamezimishwa redio. Amri ya itifaki, eti zinakoroma kwenye televisheni. Namtuma mtu, lakini wewe uko karibu zaidi."

"Naenda."

"Bila risasi, Nungu. Dunia nzima inatazama."

Yamaha iliwaka kwa teke la pili. Barabara zilikuwa tupu, maduka yamefungwa, bendera zimening'inia nusu mlingoti. Alipita mizunguko miwili bila kugusa breki. Dakika nne. Aliitupa pikipiki kwenye ngazi za ukumbi, akaonyesha kitambulisho, akaingia.

Na ndani akalazimika kutembea.

Makamu alisimama kando ya picha ya marehemu, mwanamke mdogo wa umbo ndani ya nguo nyeusi, mkono umevimba kwa kushikwa na watu mia mbili. Balozi aliinama, akanong'ona masikitiko yake, akapita. Mwingine akasogea.

Konseli alikuwa wa tatu.

Suti safi. Uso wa msiba. Pete kwenye kidole cha kati, jiwe limegeuziwa kiganjani.

Wa pili.

Nungu alipita mbele ya kamera ya kwanza. Mlinzi mmoja akageuka kumzuia. Hakukuwa na nafasi ya kumweleza mtu neno.

Konseli akainua mkono.

Nungu akafungua mikono yake yote miwili na kupiga ukelele.

"Ametuacha! Konseli, ametuacha!"

Akamwangukia shingoni, analia kwa sauti, na kwa mkono wa kushoto akaubana ule mkono wa kulia katikati ya vifua vyao. Alivizungusha vidole vyake nje ya vidole vya Konseli.

"Nikikikunja kiganja hiki," alimnong'oneza sikioni, "unajichoma mwenyewe."

Mtu asiye na hatia angekunja ngumi. Vidole vya Konseli vilinyooka, vikakakamaa kama vijiti.

"Twende."

Mtangazaji alishusha sauti kuwaeleza watazamaji kwamba mtumishi mkongwe wa serikali amezidiwa na majonzi, na mgeni mmoja mwungwana anamsindikiza nje. Makamu aliwatazama wakipita, akageuka kumpa mkono balozi aliyefuata.

Chumba cha nyuma kilikuwa na viti vilivyorundikwa na harufu ya rangi. Walinzi wawili waliotumwa na Mkuu walimtia Konseli pingu. Daktari wa idara aliivua pete kwa koleo, akaikagua chini ya taa. Katikati ya jiwe ilichomoza sindano nyembamba kama unywele.

Konseli alimkodolea Nungu macho. "Kweli wewe mwigizaji. Machozi mpaka sasa."

Nungu alikuwa anatafuta kitambaa, hana.

"Kazi nzuri," Mkuu alisema sikioni. "Makamu ataapishwa saa sita, kama ilivyopangwa."

"Yule mama mpiga chapa asiguswe. Bila kosa lake tungezika wawili."

"Sawa. Na unaweza kuacha kulia sasa, Nungu. Kamera haziko huko."

"Najaribu, Mkuu."

"Ulimtumikia Rais miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Nakutaka ofisini na ripoti."

"Kesho," alisema.

Alichomoa kidude sikioni, akamkabidhi mlinzi, akafungua mlango wa nyuma. Nje jua lilikuwa kali na barabara haina gari. Alishika katikati yake, mikono mfukoni, akatembea polepole, machozi yanamtiririka na yeye hayafuti.