Mwisho Alioukataa Esha

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, niambie. Yule binti alifanya vizuri kuondoka, au hakufanya?"

Esha alibana simu kwa bega, akaisogeza ndoo yake mbele. Foleni ya maji pale Kitangari ilikuwa imejipinda mpaka nyuma ya msikiti, na jua halikuwa na huruma.

"Alifanya vibaya," alijibu.

Nasibu aliangua kicheko huko Masasi. "Vibaya! Mwalimu mzima nimelia ukurasa wa mwisho. Binti kalelewa kwa watu, kabanwa tangu utotoni, siku anathubutu kuondoka wewe unasema vibaya?"

"Kuna mtoto alimwacha amelala, Nasibu. Asubuhi aliamka akamwita nani? Mwandishi hakusema."

"Hiyo ni riwaya ya makuzi, Esha. Mtu anakua pale anapothubutu."

"Na anayebaki hakui?"

"Anayebaki ni mwoga."

Esha alikata simu. Mama aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega. "Songa mbele, mwanangu, unalia nini?"

"Vumbi, mama."

Walijuana kwenye kundi la WhatsApp la wapenda riwaya, zile zinazomfuata mtoto mpaka anakuwa mtu mzima. Walianza kwa kubishana mbele za watu, wakahamia kubishana wawili, na mabishano yakageuka mapenzi bila hata mmoja kutangaza. Nasibu alikuwa ameahidi kuleta wazee msimu wa korosho ukiisha. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Esha hakuwahi kumwambia.

Esha aliingia nyumba ya dada yake pale Kitangari akiwa mtoto wa miaka kumi, mama yao alipofariki. Dada huyo, Rahima, alikuwa ndiyo kwanza ameolewa na Ashiru, mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Ashiru ndiye aliyemnunulia Esha sare ya shule. Ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati alipoumwa malaria. Mwaka jana Rahima naye akafariki, akamwacha Hamida, binti wa miaka sita. Arobaini ilipokwisha, mjomba Swalehe, mkubwa wa ukoo wao, akawaita Esha na Ashiru barazani.

"Mama mdogo yupo, mtoto hawezi kwenda kwa mama wa kambo," alisema. "Esha ataingia mahali pa dada yake. Kuna mwenye neno?"

Ashiru alitazama chini. Esha naye alitazama chini. Mjomba akasema, "Alhamdulillah," na kimya chao kikahesabiwa kuwa ndiyo.

Tangu siku hiyo Ashiru alihamia kulala kwenye ghala la korosho. Esha alifikiri anangoja ndoa. Kila alipompa chakula alikiweka mezani na kuondoka bila kumtazama, naye alikula bila kuinua macho. Nyumba aliyokulia ikawa kama ya watu wengine.

Siku ile ya foleni, alipofika nyumbani, alimtumia Nasibu ujumbe:

*Mwoga ni mimi. Mjomba ananiozesha kwa shemeji. Nikah wiki ijayo. Nisamehe sikukwambia.*

Kesho yake Nasibu alikuwa Newala. Walikutana kwenye mgahawa wa chai karibu na soko. Chapati zilipoa mbele yao.

"Twende," Nasibu alisema. "Sasa hivi. Kama ulivyo."

"Kama yule binti wa kwenye kitabu?"

"Ndiyo! Kwani kuna njia gani nyingine?"

"Na Hamida? Mama yake kafa, na mimi nimtoroke?"

"Kwa hiyo utaolewa na mtu aliyekulea? Utaweza, Esha?"

"Siwezi!" Wateja waligeuka. Esha akashusha sauti. "Siwezi kubaki, siwezi kuondoka. Wewe unanijia na mwisho wa mtu mwingine unataka mimi niuvae. Huo haunitoshi, Nasibu."

Alichukua mtandio wake akatoka. Nasibu alibaki na vikombe viwili.

Siku tatu baadaye, jioni, jua lilipokuwa bado juu ya mikorosho, Esha alimkuta Ashiru barazani. Miguuni kwake Hamida alikuwa anasuka nywele za mwanasesere wa matambara. Ashiru alikuwa na ile riwaya mapajani, kidole kikifuata mstari.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Hakufunga kitabu. "Nilikikuta jikoni. Nimesoma siku nne. Huyu mlezi wa binti, mbona mwandishi hakumpa nafasi ya kusema hata neno moja?"

Esha aliketi kwenye ngazi. "Labda hakuwa na la kusema."

"Alikuwa nalo. Mtu anaona mtoto aliyemlea hamtazami usoni, halafu awe hana la kusema?" Akakifunga kitabu. "Esha, mimi nilikufundisha kuendesha baiskeli. Nitakuitaje mke wangu?"

"Kwa nini hukumwambia mjomba?"

"Niliogopa utadhani nakufukuza. Nikasema, nikikataa, huyu mtoto ataona dada yake kafa na mimi nimemtupa. Na wewe, kwa nini hukusema?"

"Nilidhani wewe unataka."

Ashiru aliziba uso kwa viganja. Hamida aliacha mwanasesere, akaja kumshika goti. "Baba, unalia?"

"Nacheka, mwanangu," alisema, na ilikuwa yote mawili.

Simu ya Esha ilitoa mlio. Nasibu.

*Nimekisoma upya tangu mwanzo. Safari hii nimekisoma kama yule mtoto aliyeachwa amelala. Kwake hakina mwisho mzuri. Nilikuita mwoga bila kujua umebeba nini. Sitakwambia tena uondoke. Niambie nije wapi.*

Esha alimpa Ashiru simu asome. Alisoma polepole, kama alivyosoma kitabu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu nimpendaye."

"Mwambie aje hapa. Aje mchana, watu wamwone."

Mjomba Swalehe alipokuja kupanga mambo ya nikah, alimkuta kijana mgeni amekaa barazani na kofia mkononi.

"Shikamoo, mjomba," Nasibu alisimama.

"Marahaba. Wewe nani?"

Ashiru ndiye aliyejibu. "Mjomba, simuoi Esha. Yeye ni mwanangu. Kijana huyu amekuja kumposa."

Mjomba alipandwa na hasira. "Mmenifanya mtoto! Siku ile nimeuliza, mkanyamaza!"

"Tulikosea kunyamaza," alisema Esha.

"Basi Hamida namchukua. Mtoto ni wa upande wa mama. Anaenda kwangu Masasi."

Ashiru alisawijika uso. Esha alipiga magoti mbele ya mjomba, lakini hakuinamisha kichwa.

"Ni kweli, mjomba, mtoto ni wa upande wa mama. Na upande wa mama ni mimi. Nasibu anahamia kufundisha shule moja pale Newala, tutakaa hukohuko. Hamida atasoma kwetu, likizo na mwisho wa wiki atakuwa hapa na baba yake."

"Unanifundisha mila?"

"Mila ulinifundisha wewe."

Mzee aliinuka, akaikataa chai, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemfuata.

Nikah ilifungwa hapohapo Kitangari, baada ya msimu. Upande wa marehemu baba yake Esha alikuja baba mkubwa Abdulazizi kusimama kama walii wake. Mjomba Swalehe hakuja, na nafasi yake kwenye mkeka ilibaki wazi mpaka mwisho. Jambo hilo lilimuuma Esha, naye hakulificha.

Sheikh alipoingia chumbani kuchukua idhini, Esha aliomba Ashiru aitwe. Ashiru akaja, akasimama kando ya mlango na kanzu yake iliyopigwa pasi, hajui aweke wapi mikono.

"Esha," sheikh alisema kwa upole, "unaozwa kwa Nasibu. Umeridhia? Ukiona haya, binti yangu, kunyamaza kwako kunatosha."

"Hakunitoshi, sheikh. Nataka kusema."

"Sema."

"Nimeridhia!"

Alilitamka kwa nguvu hata wanawake uani wakapiga vigelegele kabla ya wakati wake. Barazani, Nasibu alisikia, akaangusha kofia. Ashiru aliegemea mlango, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, mbele ya watu wote.