Makapi Yaliyopita kwa Muuza Vitunguu

Saa nne asubuhi sokoni watu walikuwa wanapigana vikumbo, na dada mmoja aliyevaa gauni la kijani lililombana kiuno akamwomba muuza juisi ya miwa kitu ambacho hakijawahi kuombwa pale.

"Nataka makapi."

"Dada, utamu uko kwenye juisi. Makapi wanakula mbuzi."

"Basi niite mbuzi. Nitakuja kila Jumatatu."

Akina mama wa nyanya walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwezi wa pili dada na muuza juisi walishapendana, na akina mama walishaacha kucheka, wakawa wanabishana nani atamsimamia bibi harusi.

Dada alikuwa mkemia. Maabara yao ilikuwa na unga mweusi, chembe za metali ndogo hata jicho halizioni, wa kugeuza sukari ya kwenye makapi kuwa malighafi ya plastiki. Unga ukifanya kazi mbele ya wakubwa, mkataba wa dada unaongezwa.

Siku ya kuwaonyesha wakubwa, unga ulilala fofofo, haukugeuza kitu. Kwa aibu, akaandika barua kwamba Kaka Chupa, muosha vyombo wa maabara, hakusuuza vizuri. Kaka Chupa akahamishiwa getini.

Wiki iliyofuata muuza juisi akapiga simu.

"Mtaalamu wangu, mbona sauti imeshuka?"

"Wameupima ule unga. Umeingia salfa, ndiyo imeuua."

"Hiyo salfa inakaa wapi?"

"Kwingi tu, mpenzi. Hata kwenye vitunguu saumu."

Muuza juisi akasema ana wateja, akakata. Hakuwa na mteja hata mmoja.

Siku tatu hakupokea simu. Dada akajua tayari kuna mwanamke mwingine, akalia chooni kazini, akanawa, akarudi mezani.

Siku ya nne muuza juisi akafika getini na shati jipya la bluu, jasho limemlowa mgongoni. Kaka Chupa akamfungulia kwa bashasha.

"Shemeji, pita. Yupo ndani, siku hizi hacheki. Kambembeleze."

Wema ule ulimchoma kuliko matusi.

"Ile Jumatatu ya mwisho," alimwambia dada bila kukaa, "nilikuwa kwa fundi, najaribu hili shati la kwenda kwa mama yako. Mvua ikalowesha makapi yako. Nikajazia gunia na yale niliyokuwa nimemtupia jirani yangu muuza vitunguu, chini ya maganda yake ya vitunguu saumu. Nikajua ukishasaga hutajua."

Dada alimtazama.

"Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke."

"Mwanamke gani tena? Nilikuwa naogopa."

"Nami nimemtoa Kaka Chupa maabara bure."

"Nitawaambia wakubwa ni mimi."

"Wewe hukumtaja mtu. Barua niliandika mimi." Akavuta karatasi, akaandika nyingine ya kumsafisha Kaka Chupa, mistari minne. Mkataba ulikuwa hatarini, alijua. Akaipeleka kwa mkuu, akarudi. Muuza juisi akamshika mikono.

"Bado unanitaka?"

"Nakutaka. Ila usiniambie pole leo, haitoshi kwa watu watatu."

Wakaenda getini. Dada akaeleza yote, ameinamisha kichwa. Kaka Chupa akasikiliza, akafunga kufuli, akalifungua tena.

"Wakubwa hawanisumbui," akasema hatimaye. "Ni mke wangu. Tangu nihamishwe ananitazama kama mzembe. Mkamwambie yeye, mimi nimejitetea mpaka amechoka kunisikia."

Akawaelekeza nyumba. Wakatembea bega kwa bega, mikono imeshikana, hakuna aliyeharakisha.