Mvuta Ndege na Mpima Moshi

Adhuhuri ile ndege saba zilikuwa zimebanana kwenye maegesho, zote zinanguruma. Mpima Moshi, ndani ya kizibao cha njano kilichompwaya, aliinama na kifaa chake nyuma ya mojawapo. Hakuona injini ikiongezwa nguvu. Mwanaume mmoja akamrukia, wakabiringika juu ya lami. Upepo wa moto ukapita pale alipokuwa, ukabamiza toroli ukutani.

"Unataka kufa, dada?"

"Wewe ndiye unayeniua! Tazama kiwiko changu!"

"Pole. Nitakununulia kingine."

Alikuwa dereva wa trekta la kuvuta ndege. Katika wiki chache alimfundisha kupenda, na ishara za mikono, maana kwenye kelele zile mdomo ni pambo tu. Mikono ikipishana juu ya kichwa: simama.

Kisha likaja jaribio. Ndege zivutwe hadi ukingo wa njia ya kurukia, injini zimezimwa, badala ya kujikokota zenyewe zikiunguza mafuta na kutema moshi.

"Kesho alfajiri wa kwanza kuvuta ni mpenzi wangu," binti alijisifu mezani.

Kaka yake, dereva wa lori la mafuta, aliacha kutafuna. "Mafuta yakipungua, watapunguza nani? Si sisi?"

Alfajiri alimvizia mvuta ndege nyuma ya karakana. Spana ilivunja mkono, ikang'oa meno mawili. "Dada yangu ndiye aliyenitajia zamu yako!" alifoka akipiga.

Simu ililia hospitalini.

"Mpenzi, niko getini, wamenizuia."

"Umeniuza."

"Nilikusifu tu!"

"Sifa zako zimenivunja mkono." Akakata.

Binti alirudi nyumbani mbio. Kaka alikuwa akifikicha shati kwenye beseni jekundu. Akalinyakua. Ngumi ikampasua mdomo, hakuachia.

"Utanipeleka polisi, mimi wa tumbo moja? Damu ni nzito kuliko maji!"

"Ndiyo maana haijatoka kwenye shati."

Akalipeleka, likichuruzika njia nzima.

Miezi miwili baadaye mvuta ndege alirudi kazini. Siku ya kwanza tu, mbele ya trekta lake alisimama mtu, mikono imepishana juu ya kichwa. Akafunga breki.

"Nipishe. Nina ndege mgongoni."

"Kaka yuko rumande. Nimemtaja mimi. Mama hanisemeshi." Sauti ilikatika. "Zamu yako niliitaja kwa kuringa, si kwa kukuuza. Basi. Pita."

Mvuta ndege aliona kovu kwenye mdomo ule. Nyuma yake ndege ilikuwa kimya, injini zimezimwa, kwa hiyo alimsikia akilia.

"Panda."

"Abiria hawaruhusiwi."

"Na mke?"

Binti alicheka, machozi yakamwingia mdomoni. "Na mama je?"

"Tutamwendea wote wawili," alisema, akionyesha pengo la meno. "Mimi kuvuta vizito ndiyo kazi yangu."